Vyombo vya kumlishia mtoto: jinsi ya kuepuka kemikali bila kudanganywa na lebo

Ukiingia maduka ya vitu vya watoto hapa Mombasa, utakuta chupa za kunyonyea zimejaa rafu nzima. Kuna za bei ya chini na kuna ambazo bei yake ingetosha kununua chakula cha nyumba wiki nzima. Nyingi siku hizi zina maandishi "BPA free", yaani hazina kemikali inayoitwa BPA. Kina mama wengi huniuliza: hiyo BPA ni nini? Na nikinunua iliyoandikwa hivyo, mwanangu yuko salama?

Mimi si daktari. Nilisomea teknolojia ya vyakula katika kiwango cha diploma, na tangu hapo nimekuwa nikifuatilia mambo ya usalama wa chakula. Jibu langu ni kwamba lebo hiyo ina maana, lakini ni ndogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini. Chupa inaweza kuwa haina BPA na bado mtoto akapata sumu kupitia maji, unga wa uji, sufuria au sahani. Na chombo salama kuliko chupa zote za dukani ni cha bei rahisi, na yawezekana kiko jikoni mwako sasa hivi. Nitaeleza moja baada ya jingine.

Kwanza niseme hili ili lisisahaulike mbele ya safari. Mtoto wa chini ya miezi sita ambaye mamake ana maziwa hahitaji chupa, wala maji, wala uji. Shirika la Afya Duniani linasema anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Sisi Waislamu muda huo wa miaka miwili si mgeni kwetu, umetajwa katika Qur'ani. Hata hivyo wako akina mama ambao hawawezi, kwa ugonjwa, kwa kazi au kwa dawa wanazotumia, na wako watoto ambao mama zao wametangulia mbele ya haki. Wanaolea watoto hao wasilaumiwe, bali wasaidiwe kuchagua vizuri.

BPA ni kitu gani?

BPA ni kifupi cha bisfenoli A. Ni kemikali inayotumika kutengeneza plastiki ngumu, inayong'aa kama kioo, iitwayo polikaboneti. Kwa miaka mingi chupa za watoto zilitengenezwa kwa plastiki hiyo kwa sababu haivunjiki upesi na haiharibiki kwa maji ya moto. Kemikali hiyo hiyo imetumika pia kupaka ndani ya mikebe ya vyakula ili bati lisishike kutu.

Shida yake ni kwamba haikai yote ndani ya plastiki. Chupa ikitiwa kitu cha moto, ikichakaa au ikikwaruzwa, kiasi kidogo hutoka na kuingia katika maziwa. Ikifika mwilini hujifanya kama homoni ya kike. Homoni ndizo zinazoelekeza mwili wa mtoto namna ya kukua, na kwa kuwa mtoto mchanga ana mwili mdogo na hunywa maziwa mengi kulingana na uzito wake, kiasi ambacho hakimtikisi mtu mzima kinaweza kuwa kikubwa kwake.

Canada ilitangulia mwaka 2008 kutangaza kwamba itapiga marufuku chupa za watoto zenye BPA. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2011, na Marekani mwaka 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia upya utafiti wote, ikashusha kiwango ambacho mtu anaweza kukipata kila siku bila madhara. Kiwango kipya ni mara 20,000 chini ya kile cha zamani. Mwishoni mwa mwaka 2024 Ulaya ikaamua kuiondoa katika vyombo vya chakula kwa jumla, si vya watoto peke yao.

Sasa utauliza, kama imepigwa marufuku huko kote, hofu ya nini? Hofu ya kwanza ni vitu vya zamani. Sisi watu wa pwani tunapenda kurithishana vyombo vya mtoto, na mitumba inaingia kila wiki. Chupa ngumu inayong'aa iliyotoka kwa jamaa, ambayo hujui ilinunuliwa lini, isitumike. Hofu ya pili ni kwamba viwanda vingine viliiondoa BPA vikaweka ndugu zake, kama BPS na BPF, ambazo utafiti umeonyesha zina tabia zinazofanana nayo. Chupa ya namna hiyo itaandikwa "BPA free" na muuzaji hatakuwa amesema uongo. Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo.

Nambari iliyo chini ya chupa

Geuza chupa utazame chini. Mara nyingi utaona pembetatu yenye nambari ndani yake. Nambari hiyo inataja aina ya plastiki, na inakusaidia kuliko picha ya dubu iliyo mbele.

Nambari 5 ni polipropilini. Ni plastiki yenye ukungu kidogo, si angavu kama kioo. Haitengenezwi kwa BPA, na ndiyo inayotumika zaidi kwa chupa za watoto siku hizi. Nambari 2 na 4 nazo hazina BPA, lakini hazikutengenezwa kwa vitu vya moto.

Nambari 3 ni PVC. Ili iwe laini hutiwa kemikali zinazoitwa ftaleti, ambazo nazo huvuruga homoni. Usimlishie mtoto kwayo, na usimpe aitafune. Nambari 6 ni ile ya vikombe na sahani nyepesi za kutupa, nayo haifai kwa kitu cha moto.

Nambari 7 maana yake ni "nyinginezo". Humo mna polikaboneti, na humo mna plastiki nyingine zisizo na BPA. Kwa hiyo ukiona 7 bila maelezo mengine, iache. Na chupa isiyo na nambari wala jina la mtengenezaji iache pia, hata kama muuzaji ataapa.

Chuchu ya chupa huwa ya silikoni au ya mpira. Silikoni ni angavu, haina harufu, na hustahimili moto. Ya mpira ina rangi ya kahawia, huchakaa upesi, na mpira usiotengenezwa vizuri unaweza kutoa kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo Ulaya imeziwekea kiwango tangu miaka ya tisini. Ukiweza kuchagua, chukua silikoni. Yoyote utakayochukua, ivute kwa vidole kila unapoiosha. Ikipasuka, ikinata au ikibadilika rangi, itupe.

Joto ndilo linaloifungua plastiki

Hata plastiki nzuri ina mipaka yake. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha Trinity College Dublin, nchini Ireland, walichapisha utafiti wao kuhusu chupa za polipropilini, hizo hizo za nambari 5. Walizitia maji ya moto na kuzitikisa, kama anavyofanya mama anapokoroga maziwa ya kopo. Walikuta vipande vidogo sana vya plastiki, visivyoonekana kwa macho, vikifika hadi milioni 16 katika lita moja. Maji yalipokuwa ya moto zaidi, vipande viliongezeka. Yalipokuwa ya uvuguvugu, vilipungua sana.

Vipande hivyo vinafanya nini ndani ya mtoto bado linachunguzwa, na sitakutisha kwa jambo ambalo wataalamu hawajalimaliza. Lakini kama kuna njia rahisi ya kuvipunguza, busara ni kuifuata. Njia ipo, na haigharimu kitu: kitu cha moto kisikutane na plastiki.

Joto letu la pwani nalo lihesabiwe. Chupa iliyoachwa ndani ya gari mchana au dirishani juani inachakaa kabla ya wakati wake. Tanuri ya maikrowevu ni mbaya zaidi, maana hupasha maziwa sehemu moja yakawa ya kumuunguza mtoto, na huipasha plastiki pia.

Usiache kuchemsha kwa kuogopa plastiki

Hapa nataka tuelewane vizuri, maana hofu ya kemikali inaweza kumfanya mama akatumia maji ya baridi. Hilo ni kosa la hatari zaidi. Maziwa ya unga ya kopo si maziwa yaliyouliwa vijidudu vyote. Yanaweza kuwa na bakteria kama salmonela, au mwingine aitwaye Cronobacter, ambaye ni nadra lakini humuua mtoto mchanga kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linaagiza unga huo ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70 za Selisiasi. Kuharisha kunaweza kumuua mtoto wiki hii hii, wakati madhara ya plastiki, kama yapo, huja polepole. Basi tufanye yote mawili kwa mpango huu:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji kwenye birika au sufuria ya chuma, si birika la plastiki.
2. Acha maji yapoe kidogo, lakini yasizidi nusu saa tangu kuchemka, ili yasishuke chini ya nyuzi 70.
3. Mimina kiasi kinachotakiwa kwenye jagi la kioo kinachostahimili moto au la stili. Tia unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo lenyewe, kwa hesabu iliyoandikwa. Usiongeze wala usipunguze.
4. Koroga kwa kijiko safi cha chuma. Liweke jagi ndani ya beseni la maji ya baridi hadi maziwa yawe vuguvugu. Jaribu tone moja juu ya kiwiko cha mkono.
5. Sasa ndipo uyatie katika kikombe au chupa, umpe mtoto.
6. Yaliyobaki baada ya saa mbili yamwage. Kwa joto la Mombasa, usione choyo.

Ukisafiri, beba maji ya moto kwenye chupa ya chai yenye kioo au stili ndani yake, na unga ukavu kando. Ukoroge mtoto anapohitaji. Usibebe maziwa yaliyokorogwa tayari.

Vyombo vikishaoshwa kwa sabuni, vichemshwe vikiwa vimezama majini dakika 5 hadi 10. Kama ni vya plastiki, viache vipoe, kisha visuuze mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa kabla ya kutia maziwa.

Kikombe kinachoishinda chupa

Nilisema kuna chombo salama kuliko chupa zote. Ni kikombe kidogo cha wazi, cha stili au bilauri ndogo ya kioo, pamoja na kijiko cha stili. Hakina chuchu ya kuficha uchafu, hakina shingo nyembamba, huoshwa mara moja kikang'aa, na hakitoi kemikali za plastiki. Wauguzi hukitumia hospitalini hata kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Namna yake ni hii. Mpakate mtoto akiwa ameketi wima kidogo, si amelala. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, ukiinamishe hadi maziwa yafike mdomoni. Usimmiminie. Mwache yeye mwenyewe ayarambe au ayafyonze kwa mwendo wake, akipumzika nawe upumzike. Siku mbili tatu za kwanza yatamwagika mengine, kisha atazoea. Bibi zetu walinywesha watoto hivi kabla ya chupa kuingia madukani.

Ukinunua vyombo vya stili, chukua visivyo na rangi wala maua ndani. Kwa ajili ya chupa, ile ya kioo ni bora kuliko ya plastiki. Kasoro yake ni kuvunjika, basi isiachwe mikononi mwa mtoto.

Sahani za maua na sufuria nzito

Mtoto akianza kula, hatari huhama kutoka kwenye chupa kwenda kwenye sahani. Nyumba nyingi za pwani zina sahani na bakuli za melamini, zile nyepesi zenye maua ambazo hazivunjiki zikianguka. Kwa biskuti au tende hazina neno. Kwa uji wa moto au supu yenye ndimu, hapana. Mwaka 2013 watafiti wa Taiwan waliwapa watu 12 supu ya moto katika bakuli za melamini, kisha siku nyingine katika bakuli za kauri, wakapima mkojo wao. Melamini iliongezeka sana walipotumia bakuli za melamini. Kemikali hii hudhuru figo ikizidi. Ndiyo ile iliyotiwa katika maziwa ya watoto nchini China, kashfa iliyofichuka mwaka 2008, ili yaonekane na protini nyingi yakipimwa. Watoto 6 walikufa na takriban 300,000 wakaugua. Kiasi kinachotoka kwenye sahani ni kidogo mno kulinganisha na kilichotiwa kwenye maziwa yale, lakini uji wa mtoto hauna sababu ya kukaa humo wakati kuna bakuli la stili.

Sufuria nazo zina mambo yake. Zile nzito zinazoyeyushwa kutoka vyuma chakavu vilivyochanganywa, vipande vya injini na mabati ya zamani, zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake. Utafiti uliofanywa Cameroon mwaka 2014 juu ya sufuria za namna hiyo ulikuta risasi ikitoka zilipopikiwa kitu chenye uchachu. Nasi uji wetu hupenda ndimu na ukwaju. Pika uji wa mtoto katika sufuria ya stili, na uchachu utie baada ya kuepua.

Risasi: sumu tunayoijua hapa nyumbani

Katika kemikali zote nilizotaja, risasi ndiyo ninayoiogopa zaidi, na watu wa Mombasa hatuhitaji mfano wa ng'ambo. Tunao Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji hicho mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani, alimpeleka hospitali mwanawe mchanga aliyekuwa bado ananyonya, na vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini. Alipigania kijiji kizima hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na ubongo ukiharibika hivyo haurudi kama ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huanza kuchelewa kusema, kushindwa kusoma, kuwa mkorofi, na watu wakadhani ni tabia yake tu.

Funzo la Owino Uhuru si kwamba mama aache kunyonyesha. Maziwa ya mama yanabaki bora. Funzo ni kwamba anayelea mtoto, na nyumba nzima, iepushwe na risasi. Baba anayefanya kazi ya betri, ya kuchomelea vyuma au ya rangi, aoge na abadili nguo kabla ya kumpakata mwanawe. Vyombo vyenye rangi inayobanduka visimkaribie. Wanja wa manga wa asili, ambao mara nyingi husagwa kutoka kwenye jiwe la risasi, usipakwe machoni mwa mtoto. Atajipangusa, kisha atie mkono mdomoni.

Na viungo visinunuliwe ovyo. Mwaka 2023 nchini Marekani mamia ya watoto walipata risasi kutokana na paketi za matufaha yaliyosagwa pamoja na mdalasini, kwa kuwa mdalasini ule ulikuwa umetiwa rangi yenye risasi. Bangladesh nako, watafiti walikuta bizari ya manjano ikitiwa rangi kama hiyo ili ing'ae. Ukitaka kumtilia mtoto mdalasini katika uji, nunua vijiti usage mwenyewe.

Maji ya kisima na jerikeni

Kuchemsha maji huua vijidudu. Hakuondoi chumvi, hakuondoi risasi, na hakuondoi naitreti. Hii ya mwisho tuiangalie sana pwani, kwa sababu mitaa mingi ina visima vilivyochimbwa karibu na vyoo vya shimo. Uchafu unaopenya ardhini hugeuka naitreti, na naitreti ikizidi katika maji ya maziwa ya kopo, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba hewa. Midomo na kucha zake hugeuka rangi ya samawati. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ukichemsha maji hayo muda mrefu, yanapungua na naitreti inabaki ile ile, kwa hiyo inazidi kukolea.

Mtoto wa chini ya miezi sita anayetumia maziwa ya kopo asitiliwe maji ya kisima ambacho hakijapimwa. Tafuta maji ya mfereji au ya chupa yaliyothibitishwa, kisha uyachemshe hayo.

Jerikeni pia lichunguzwe. Lililowahi kubeba mafuta ya gari, dawa ya wadudu au kemikali ya kiwanda halifai kwa maji ya kunywa hata likioshwa mara kumi. Plastiki hunyonya kilichokaa ndani yake na kukirudisha kidogo kidogo. Harufu ikibaki, ujue kemikali imebaki.

Unga wa uji

Sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini haitoki kiwandani, huota yenyewe kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini kwetu, wengi wao wa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyooza hivyo. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kuchemsha uji hakuiondoi sumu hii.

Hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima, hivyo unga wa mchanganyiko wa mahindi, njugu na samaki waliosagwa usinunuliwe wa miezi. Nunua nafaka nzima, uchambue, utupe punje zilizokunjamana au zenye ukungu, zianike, kisha upeleke posho mill kiasi kidogo cha wiki mbili. Ukiweza, tumia wimbi au mtama zaidi ya mahindi na njugu. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, si mfuko uliowekwa sakafuni.

Sheria na alama

Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti maziwa badala ya ya mama. Sheria hiyo inakataza kutangaza maziwa ya kopo ya watoto, chupa na chuchu kwa umma. Kwa hiyo muuzaji au mhudumu wa afya anayekusukumia kopo la aina fulani pamoja na zawadi, jua anavunja sheria. Anayemshauri mama kwa haki humsaidia kwanza kunyonyesha.

Bidhaa zinazotengenezwa nchini huwa na alama ya ubora ya KEBS na nambari ya kibali chini yake. Unaweza kuithibitisha kwa simu yako: andika SM#, ufuatishe nambari hiyo, utume kwa 20023. Utajibiwa jina la bidhaa na kampuni. Zinazotoka nje zinapaswa kuwa na stika ya KEBS ya bidhaa za kuagizwa. Chupa iliyokuja kwenye sanduku la jamaa kutoka Dubai au Muscat haikupita huko, hivyo mzigo wa kuikagua ni wako.

Ukiwa dukani, kumbuka haya

- Anza na kikombe na kijiko cha stili. Ukihitaji chupa, kioo kwanza, kisha plastiki nambari 5.
- Chuchu iwe ya silikoni.
- Usinunue chupa ya mtumba, na usipokee ya kurithi kama ni ya plastiki.
- Chupa ya plastiki iliyokwaruzika, iliyofifia au kugeuka manjano, itupe.
- Shingo iwe pana ili mkono na brashi vifike chini.
- Lebo ya "BPA free" isikufanye ulipe maradufu. Chupa zote za nambari 5 hazina BPA, hata kama haikuandikwa.
- Mfuko ukiwa mwepesi, fedha yako iende kwenye maji safi kabla ya chupa ya kifahari.

Mtoto akichelewa kutembea au kusema, akiwa na tumbo linalouma mara kwa mara, au akiishi karibu na mahali pa kuchoma betri na vyuma, mpeleke hospitali na uombe kwa jina lake kipimo cha risasi katika damu. Usingoje daktari akitaje yeye. Na ukiona midomo ya mtoto imegeuka samawati, hiyo si ya kungoja asubuhi. Toka naye saa hiyo hiyo.